Mnakwenda maonesho ya Guangzhou kikazi? Muacheni shemegi, mchukueni fundi

Kila ikikaribia Aprili au Oktoba napigiwa simu, "yakhe, nyie si mlikwenda Guangzhou, hebu nambie mnafanyaje", na kila mmoja namuelezea kwa voisi ya dakika kumi na mbili mpaka koo linakauka, nikaona bora niandike mara moja ikae. Haya ni kwa wale wanaokwenda kama timu ya kazini, duka au kampuni ndogo, watu watatu mpaka sita. Mtu anaekwenda peke yake kujichukulia simu mbili na mabegi ya mkewe yeye aende tu, Mungu amjaalie.

Sie duka letu lipo hapa mjini Zanzibar, hatua chache kutoka Darajani, tunauza chaja, spika, pawabenki, feni za kuchaji, TV na vikorokoro vyote vya simu, na tuna tawi dogo Chake Chake. Tushaenda mara tatu. Mbili za mwanzo naona haya kuzihadithia, lakini ndo zenye faida.

Kwanza jueni mnakwenda wapi na tarehe gani

Watu wanasema tu "maonesho ya teknolojia" kama vile ni kitu kimoja. Yale ya Las Vegas, CES, ni ya Januari, makampuni makubwa yanaonesha vitu ambavyo dukani vitafika mwakani au visifike kabisa, TV inakunjwa kama mkeka, roboti inakunja nguo, unapiga picha unarudi. Ya Berlin, IFA, yapo tokea 1924, hufanyika Septemba. Dubai kuna GITEX, ni karibu na kwetu, lakini zaidi ni programu, usalama wa mitandao na mambo ya maofisi, huwendi pale kutafuta katoni hamsini za chaja. Muuza duka wa Zanzibar mwendo wake ni Guangzhou, Canton Fair. Yalianza 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, na wanaosimama vibandani wengi wao ndo wenye viwanda au watu wao.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Maonesho yale yamekatwa awamu tatu na kila awamu ina vitu vyake. Elektroniki na vyombo vya umeme vya nyumbani ni awamu ya kwanza, kwa kawaida tarehe 15 mpaka 19 Aprili, na tena 15 mpaka 19 Oktoba. Ya pili ni mapambo, vyombo vya jikoni, fanicha. Ya tatu ni nguo, midoli, vitu vya skuli. Kuna jamaa yetu mmoja wa Mlandege aliona tiketi rahisi akakata ya mwisho wa Aprili, kafika kule anatafuta TV anakuta midoli na mikoba ya wanafunzi. Akarudi na midoli. Mpaka leo wenzake wanamuita baba watoto.

Na karibu na siku hizo za awamu ya kwanza Hong Kong nako kuna maonesho ya elektroniki, moja linafanyika AsiaWorld-Expo ambayo ipo pale pale uwanja wa ndege, na siku zake hutangulia kidogo hizi za Guangzhou, kwa hiyo watu wengi huunganisha. Unganisheni, lakini angalieni viza. Hong Kong ina uhamiaji wake, ukitoka China bara kwenda Hong Kong hata kwa masaa matatu ushatoka nchini, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja basi imekwisha hapo. Sie safari ya pili tulifika Guangzhou, wawili wetu wakaona wapande treni waende Hong Kong siku moja warudi. Walikwenda. Hawakurudi. Ilibidi wasubiri huko wenyewe na mipango mengine, na mmoja wao ndo alokuwa na funguo ya sanduku la sampuli. Kwa hiyo ombeni ya kuingia mara mbili tokea mwanzo, gharama inazidi lakini haifiki gharama ya kulala hoteli ya Hong Kong siku nne.

Nani aende

Hapa ndo penye ugomvi, nasema wazi. Bosi akitangaza safari ya China kila mtu anakuwa na sababu. Shemegi wake anataka kwenda "kusaidia kubeba". Mtoto wa dada amemaliza chuo cha kompyuta. Safari yetu ya kwanza tulikwenda watano na katika watano hakuna hata mmoja alokuwa anaweza kufungua chaja akaangalia ndani. Tulikuwa tunatembea pamoja kama kuku na vifaranga, kibanda kimoja tunaingia wote, wote tunatoa kadi, wote tunaambiwa bei ile ile, wote tunasema "nzuri". Siku tano zimekwisha tumeona sehemu ndogo tu, na ukumbi ule siyo mchezo, ni zaidi ya mita za mraba milioni moja na nusu, wauzaji zaidi ya elfu thelathini ukichanganya awamu zote. Huumalizi hata ukienda na punda.

Tulizoagiza mara ile zilikuwa ekstensheni na chaja za simu. Ndani ya miezi miwili dukani kwetu kukawa na foleni ya watu wanarudisha, na fundi wetu ambae tulimuacha nyumbani akafungua moja mbele ya bosi, akamuonesha waya, akasema maneno mawili tu, "Ami, angalia." Safari iliyofata alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Mimi naona timu nzuri ni hii. Fundi, huyo ndo mwenye neno la mwisho juu ya ubora, akisema hapana ni hapana hata bei iwe ya bure. Mtu wa kaunta, yule anaeuza kila siku, kwetu ni dada mmoja ambae anajua kwa kichwa wateja wanauliza nini, kwamba watu wa shamba wanataka feni yenye taa na redio pamoja, kwamba vijana wanataka spika yenye besi lakini wasichana wa chuo wanataka ndogo ya rangi, haya bosi hayajui, bosi anajua kodi. Mtu wa hesabu na mzigo, anaejua ushuru, vipimo vya kontena na pesa ilobaki. Na bosi, ili asaini na anunue chakula. Wanne wanatosha. Wa tano akiwepo awe anajua Kichina, na vijana wetu wengi wamesoma kule kwa skolashipu, ukimpata mmoja yupo huko huko mlipeni siku tano, mtaokoa zaidi ya mshahara wake.

Mambo ya nyumbani kabla ya safari

Jisajilini mapema kwenye tovuti ya maonesho wenyewe, onlaini, kila mtu kwa pasi yake, pale ndo mnapata barua ya mwaliko ya kuombea viza. Ubalozi mdogo wa China upo hapa hapa Zanzibar, nendeni mkaulize masharti ya wakati huo, msisikilize ya mwaka juzi. Kile kitambulisho cha kuvaa shingoni mkishakipata msikitupe, kinatumika tena misimu mengine. Kadi ya sindano ya homa ya manjano tieni ndani ya pasi. Pasi iwe na zaidi ya miezi sita.

Ndege: ama mtoke hapa uwanja wa Karume mupitie Dubai, Doha au Addis, au mpande boti mwende Dar mukachukue Air Tanzania ya moja kwa moja mpaka Guangzhou. Mimi hii ya Dar naipenda kwa sababu huchukui koneksheni ya saa nane za usiku, ila boti iwe ya jana yake, msifanye ujasiri wa kupanda boti asubuhi na ndege mchana, bahari ikichafuka mtabaki Malindi mnaangalia mawimbi. Kateni tiketi zote pamoja. Na mufike siku mbili kabla, kule wako mbele yetu masaa matano, siku ya kwanza saa tisa ya usiku yao macho makavu, saa nane mchana unasinzia mbele ya kibanda cha watu.

Pesa. Kule noti watu hawazitumii sana, hata muuza mahindi ya kuchoma ana karatasi ya msimbo unaskani. Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia kule, zote zinakubali kadi za Visa na Mastercard za kigeni sasa, lakini fungueni mkiwa NYUMBANI, laini yenu inapokea ujumbe wa namba za siri, pasi mnaipiga picha kwa utulivu, na mwende benki muwaambie kadi itatumika China wasije wakaifunga. Jaribuni kila mtu, siyo bosi peke yake, mana siku ya pili bosi simu itamzimikia na wote mtalala njaa. Taslimu mkibeba: ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 unatakiwa utangaze forodhani, na kutoka kwetu kikomo cha kutangaza ni dola 10,000. Tangazeni tu, hakuna anaekupiga.

Intaneti. WhatsApp, Google, Instagram, Facebook, kwa waifai ya hoteli ya kule hazifunguki. Hili watu wanaambiwa na hawaamini mpaka wafike. Ukitumia laini ya nje yenye romingi, au isimu (eSIM, laini isiyo na kadi) ya kununua onlaini kabla ya safari, mara nyingi zinafunguka, lakini msitegemee hilo kwa kazi. Timu nzima iwe na WeChat, tengenezeni grupu la kazi humo humo, mjizoeshe wiki mbili kabla, na WeChat mpya mara nyengine inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, tafuteni mtu mapema. Programu ya kutafsiri, ishusheni na Kichina chake ifanye kazi bila mtandao. Na jina la hoteli lichapisheni kwa Kichina mlitie mfukoni, dereva wa teksi Kiingereza chake ni kama Kichina chako.

Halafu kaeni kikao kimoja, dukani, mlango ufungwe. Andikeni bidhaa kumi tu. Siyo arubaini. Kila bidhaa iwe na mwenyewe, na kila bidhaa maswali yake yaandikwe. Mfano wetu wa TV: ina DVB-T2 ndani? Mana hiyo ndo inayotumika kwetu kwa matangazo ya antena na wao kule wanatumia mfumo wao mwengine kabisa, TV ya soko la China ukiileta hapa itaonesha mchanga. Inastahamili umeme kutoka volti ngapi mpaka ngapi? Skrini za akiba wanatoa ngapi kwa kila mia? Na ya simu: bendi zake za 4G zinakubali mitandao ya kwetu? Imepitishwa na TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, au nani atashughulikia? Mnaikumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, kuna watu mzigo uliwafia dukani, kwa hiyo kila sampuli ya simu mpigieni *#06# hapo hapo kibandani, muione namba yake ya IMEI.

Kwa ZBS, wale watu wa viwango Zanzibar, na forodha nendeni mkaulize kabla hamjaondoka, vyeti gani vinatakiwa kwa bidhaa zenu, muandike. Mukishalipa kiwanda, mkija kuuliza baadae, cheti kinakuwa na bei nyengine.

Mkoba wa fundi

Huu naupenda kuuelezea. Fundi wetu anaingia ukumbini na kijimkoba cha kawaida kama cha kubebea chakula, ndani mna mita ndogo ya umeme, kipimio cha USB kile cha kuchomeka, mizani ya vito ya kiganjani, sumaku, na plagi moja ya kwetu ya miguu mitatu. Bisibisi na wembe ananunua huko huko na kuviacha hoteli, mlangoni kuna ukaguzi.

Sumaku ni ya waya na plagi. Waya wa chaja mzuri ni shaba, shaba haishikwi na sumaku, ikishikwa basi ndani mna chuma kilopakwa rangi ya shaba. Lakini kuna ujanja zaidi, aluminiamu ilovikwa shaba, hii sumaku haiikamati, kwa hiyo sampuli ya waya anaichukua hoteli, anaikata, anaiparuza kwa wembe. Ikibaki nyekundu ni shaba. Ikiwa nyeupe ndani, kile kibanda kinafutwa kwenye orodha. Mara ya pili tulifuta vibanda sita usiku mmoja kwa wembe tu, na bosi alikuwa ashavipenda vinne katika hivyo, kimya.

Mizani ni ya pawabenki. Betri ile ya duara ya kawaida inayotiwa ndani, moja ina uzito wa gramu arubaini na tano hivi. Pawabenki inayodai elfu ishirini (mAh) na ukiitia kwenye mizani nyepesi kama sabuni, ndani mna nini? Na jengine, hata ile ya kweli, elfu ishirini hiyo ni kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ikishapandishwa kuwa volti 5 na umeme ukapotea njiani, kwenye simu inafika elfu kumi na mbili, kumi na tatu. Muuzaji akikubali kukwambia hivyo bila kuulizwa mara mbili, huyo muekeni nyota, anajua anachouza na haogopi.

Plagi ya miguu mitatu ni ya kuonesha. Kule soketi zao ni za miguu bapa, miwili au mitatu ya kuinama, sie ni ile ya Uingereza, mitatu ya mraba. Unaiweka juu ya meza yake, unasema hii, hii hii, na fyuzi ndani. Ekstensheni anafungua plagi anatoa fyuzi anaiangalia, kuna walotia kipande cha waya badala ya fyuzi, wallahi tumeviona kwa macho. Volti za China ni 220, zetu 230, hapo hakuna tabu, tabu ni vile vitu vilotengenezwa kwa soko la Marekani, 110 au 120, vimejaa pale, feni nzuri bei nzuri, ukiichomeka Amani inapiga moshi kabla haijazunguka. Someni kibandiko nyuma. Kama imeandikwa 100–240 sawa.

Na ulizeni kuhusu chumvi. Sie tunakaa kisiwani, hewa ya bahari inakula miguu ya bodi ya umeme ya ndani, spika inakufa haijapigwa hata harusi tatu. Kuna viwanda wanapaka bodi dawa ya kuzuia unyevu, inaongeza gharama kidogo kwa kila kipande, wengi hawataji kwa sababu wateja wao wa bara hawaulizi. Nyie ulizeni.

Ndani ya ukumbi

Milango inafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, inafungwa saa kumi na mbili jioni, ni saa za kule kule ila nahesabu Kiswahili, na hii nayo ni ishu, safari ya kwanza mwenzetu mmoja aliambiwa na mwenyeji "nain sati", akatafsiri kichwani kiswahili na kizungu vikagongana, akaja saa tisa na nusu mchana. Metro laini namba 8, mnashuka Xingangdong au Pazhou. Viatu vya kuzoeleka, siyo vipya. Aprili kule mvua na unyevu kama masika yetu, Oktoba hali nzuri.

Msitembee pamoja. Wawili wawili, fundi na dada wa kaunta upande mmoja, mtu wa mzigo na bosi upande mwengine, mkutane saa saba kula na kusali. Ndani kuna migahawa ya halali, tafuteni maandishi 清真, yapigeni picha mkayazoee, mtayahitaji na mjini pia.

Namba za vibanda zinaandikwa kwa mtindo wa 4.2 C17, yaani ukumbi wa 4 ghorofa ya 2 safu ya C kibanda cha 17. Sasa picha. Safari ya kwanza tulirudi na picha mia tisa na hatujui ipi ni ya nani, picha ya spika, picha ya spika, picha ya bosi na spika. Mpango ni huu na kila mtu aufate bila ubishi: kwanza picha ya bango la kibanda lenye namba, ya pili kadi ya muuzaji, ya tatu bidhaa na kibandiko chake cha nyuma, ya nne kikokotoo chenye bei. Nne kwa kila bidhaa, kwa mpangilio huo huo, basi hata ukizichanganya zinajisoma zenyewe. Chini ya kadi yake andika kwa kalamu kitu kimoja cha kumkumbukia, "mzee miwani", "kanipa chai", mana ikifika usiku kadi sabini zote zinafanana.

Mukiulizwa mnataka kiasi gani msiseme kontena. Tunapenda sana kusema kontena. Yeye anajua kwa kukuangalia viatu. Semeni kweli, oda ya majaribio katoni kumi, ikiuza tunarudi, muulizeni kiwango cha chini ni kipi na je anakubali kuchanganya rangi au modeli ndani ya kiwango hicho. Na bei ulizeni ni ya kiwandani au ya kufikishwa bandarini kwao, tofauti yake inaweza ikala faida yote. Kadi mnatoa na kupokea kwa mikono miwili, adabu tu, hata kwetu mtu mzima humpi kitu kwa mkono mmoja.

Muulize kiwanda kipo wapi. Wa chaja na simu akikwambia Shenzhen au Dongguan, wa feni na majiko akikwambia Foshan, wa taa akikwambia Zhongshan, hapo anaingia akilini. Omba kwenda kuona. Shenzhen kwa treni ya kasi kutoka Guangzhou haifiki saa moja. Akianza kusema kiwanda kinapakwa rangi, huyo ni dalali. Dalali siyo dhambi, lakini mlipeni bei ya dalali mkijua.

Usiku ndo kazi

Kaeni hoteli maeneo ya Xiaobei kama mnaweza, chakula cha halali kipo, tambi za ng'ombe za watu wa Lanzhou, mishkaki ya kondoo ya watu wa Xinjiang ambayo ukifumba macho utadhani upo Forodhani ila bizari imezidi. Ijumaa msiipoteze, msikiti wa Huaisheng pale ni katika misikiti ya zamani kabisa ya China nzima, na karibu na bustani ya Yuexiu kuna kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas. Mkifikia kwa rafiki badala ya hoteli lazima mjiandikishe polisi ndani ya masaa 24, hoteli wanakufanyieni wenyewe.

Baada ya kula, kikao. Saa moja, siyo zaidi, watu wamechoka na watagombana. Kila mtu analeta wauzaji watatu tu wa siku hiyo, TATU, anawatetea, wengine wanauliza, fundi anaparuza waya, dada wa kaunta anasema hichi nitakiuza kwa bei gani na nani atanunua, mtu wa hesabu anapiga ushuru na mzigo hapo hapo. Anaeshindwa kujibu bidhaa yake inalala. Mara ya tatu bosi alileta spika kubwa yenye magurudumu na taa za disko, aliipenda kama mtoto, dada akamuuliza, "Ami, mlango wa duka letu upana wake unaujua?" Ikalala.

Kesho yake mnarudi kwa walobaki, sasa na fundi na bosi pamoja, hapo ndo mnazungumza bei kweli. Siku ya mwisho jioni baadhi ya vibanda huwa wanaachia sampuli rahisi wasizibebe kurudi nazo, nendeni na mkoba mtupu, lakini sampuli ni sampuli, msihukumu bei ya oda kwa hizo.

Malipo na mzigo

Kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla mzigo haujapakiwa. Akaunti iwe ya kampuni na jina lifanane na lile la leseni ya biashara, ombeni picha ya leseni. Akikupa akaunti ya mtu binafsi eti ya shangazi yake mhasibu, muageni vizuri. Kila kitu kilichokubaliwa, plagi, fyuzi, aina ya waya, dawa ya bodi, kiandikwe kwenye proforma, ile ankara ya mwanzo kabla ya kulipa, neno moja moja, na sampuli mbili mutie saini nyote wawili juu ya gundi ya karatasi, moja abaki nayo moja mrudi nayo.

Kurudi na pawabenki: kwenye begi la mkononi, kamwe siyo la kupakia. Mpaka saa-wati 100 haina neno, hiyo ni kama elfu ishirini na saba ya maandishi, ikizidi mpaka 160 muombe ruhusa ya shirika la ndege. Na kama mtapanda ndege ya ndani ya China, tokea Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China, wanainyang'anya, tuliona pipa zima limejaa.

Mzigo mdogo muuchangie kontena na watu, mnalipa kwa ujazo, na muamue kabla kama unashuka Malindi moja kwa moja au unapitia Dar, karatasi ni tofauti na kila kubadilisha njiani kuna mtu wa kumlipa.

Ile asilimia 70 sie hatuitumi mpaka sampuli zikae. Tukirudi, chaja mbili za kila muuzaji tunazipeleka tawi la Chake, umeme wa kule ukiruka unaruka kweli, zinachomekwa usiku na mchana wiki tatu nyuma ya kaunta, fundi kazibandika karatasi zenye majina, mzee miwani, kanipa chai, bibi wa ghorofa ya pili. Mara ya tatu zilikuwa kumi na nne. Zilobaki zinawaka wiki ya tatu zilikuwa tano, na kanipa chai hakuwemo.